Ushuhuda wa Kizimba cha Nne

1

Samaki wa saba alikuwa amepinda mgongo sawasawa na wale sita waliomtangulia, na Dk. Nyangeta Mafuru hakuhitaji rula kuliona hilo. Alimlaza sato huyo ubaoni, akampasua tumbo kwa kisu kidogo, akachungulia. Ini lilikuwa limepauka, rangi ya uji wa sembe. Utumbo ulikuwa na nyuzi za gugumaji zilizogoma kusagika. Mapezi yalikuwa yamechakaa pembeni. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu lishe ya samaki angesema mnyama huyu amekufa kwa utapiamlo, tena utapiamlo wa muda mrefu.

Hatua nne kutoka alipokaa, kwenye kichanja kinachoelea katikati ya vizimba, sanduku la Mnenaji likalia kengele ya saa mbili asubuhi, kisha sauti ya kike, ya upole, ikatangaza:

"Kizimba cha Nne. Tumeshiba, asanteni. Hatuna shida yoyote. Tuendelee tu."

Nyangeta akaweka kisu chini. Alitazama ini, akatazama sanduku, akarudi kwenye ini.

"Umewasikia?" alimuuliza Magesa, mlishaji wa vizimba, aliyekuwa amechuchumaa ukingoni akiosha makopo yake.

"Nimewasikia, Daktari. Wana adabu hawa, kuliko wanangu mimi."

"Saba wamekufa tangu jana."

"Na waliobaki wanashukuru. Mimi nimeshaacha kuelewa."

Sanduku likaendelea na Kizimba cha Pili. Humo waliishi sato waliolishwa chakula cha siku zote, dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti na pumba, na walikuwa wanene hadi magamba yanang'aa. Sauti ikasema: "Kizimba cha Pili. Hali ngumu. Tunasukuma siku tu."

Wiki tano sasa walikuwa wakisema hivyo hivyo. Kwa kuwa sheria ilitaka kila lalamiko lishughulikiwe, sato hao walikuwa wameshapewa dawa ya minyoo, dawa ya fangasi, chumvi, na kivuli cha turubai juu ya maji. Walizidi kunenepa na kuzidi kulalamika. Nyangeta aliwahi kuandika, miaka ya nyuma, kwamba sato ni samaki mlalamishi kwa maumbile. Watu wengi waliyasoma maandishi hayo na kuyaamini, na leo alitamani kuyala.

Mnenaji alifanya kazi hivi. Samaki mia mbili katika kila kizimba cha elfu tano walimezeshwa punje, kitu kidogo kuliko mtama, kinachojipachika kwenye utumbo na kusoma kemia yake: homoni za njaa na za shibe, sumu za maradhi, dalili za maumivu. Punje hizo zilipeleka habari kwenye sanduku, na sanduku likazigeuza kuwa maneno. Kila asubuhi kizimba kiliulizwa, kikajibu, na jibu lake lilikuwa amri. Sheria ya Ridhaa ilisema wazi: mnyama aliyepewa sauti hasemewi na mtu mwingine. Vipimo vya mtafiti ni maoni ya mtafiti. Neno la samaki ndilo ushahidi.

Nyangeta alikuwa mmoja wa waliolia kwa furaha siku sheria hiyo ilipopita. Alipokuwa mwanafunzi aliona vizimba vizima vikiisha kwa chakula kibovu huku wataalamu wenye tai wakiandika kwamba matokeo yanatia moyo. Aliapa hatakuwa mtu wa kuwasemea wasioweza kumbishia. Na sasa alikuwa na ini jeupe mkononi na alikuwa anataka kufanya jambo hilo hilo.

Siku yenyewe haikumpa nafasi ya kusitasita. Saa saba mchana mkaguzi kutoka Ofisi ya Ridhaa angekuja hapa kituoni Nyakasenge kuchukua ushuhuda wa mwisho. Kizimba cha Nne kilikuwa kikijaribu chakula kipya, kilichotengenezwa chote kwa gugumaji lililovunwa ziwani. Kama samaki wake wangesema wanakiridhia, kuanzia Jumatatu chakula hicho kingeingia kwenye vizimba vyote vya ghuba, samaki milioni tatu na nusu, na hao wa kizimba cha nne wangeendelea nacho siku sitini zaidi. Kwa hesabu ya Nyangeta, hawakuwa na hata siku ishirini za kuishi.

2

Alianza na jambo rahisi: labda nyaya zimebadilishana. Labda sauti ya cha Nne ni ya cha Pili, na fundi fulani alichanganya siku ya kufunga. Alifuata nyaya kwa mkono, wima na mlalo, huku Magesa akimshikia ngalawa isiyumbe. Nyaya zilikuwa mahali pake. Akamvua kwa wavu wa mpini sato mnene wa kizimba cha Pili, mmoja wa wale wenye punje, akamwekea tumboni kisomeo cha mkononi. Kikasema, "Hali ngumu." Akamvua kibiongo wa cha Nne, naye mwenye punje, ambaye hakupigania hata kurudi majini. Kikasema, "Sijambo kabisa, asante."

Kwa hiyo chombo kizima, nyaya nzima, samaki ni wenyewe.

Labda, aliwaza, gugumaji lina kitu kinacholewesha. Labda wanakufa huku wakijisikia raha, na kama ni hivyo, yeye ni nani wa kuwakatiza raha yao? Wazo hilo lilimkaa vibaya. Alilifukuza, likarudi. Labda mwili unaweza kuoza wakati mwenyewe ameridhika, na miaka yote hii sisi wenye visu ndio tuliokuwa tukijidanganya. Kichwa kilianza kumuuma. Alirudi kichanjani, akaketi juu ya gunia la chakula, hajui aanze upya wapi.

Saa sita Magesa alifungua hotipoti yake. Ugali wa muhogo, dagaa waliokaangwa kwa nyanya, pilipili pembeni. Akanawa, akamega tonge la kwanza, akanyoosha mkono kuelekea kwenye chakula kama inavyotakiwa.

"Karibu, Daktari."

"Asante, nimeshiba," alisema Nyangeta.

Hakuwa amekula tangu jana mchana. Na tumbo lake, ambalo halikuwahi kusoma kitabu chochote cha adabu, likanguruma kwa sauti hadi Magesa akaacha kutafuna.

"He! Mbona huko chini wanasema mengine?" Magesa akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu Daktari alikuwa ameinuka wima akiwa amejishika tumbo, macho yamemtoka.

"Magesa," alisema. "Na wewe ulimeza punje. Mwaka ule wa kumfundisha Mnenaji."

"Nilimeza. Nyakasenge nzima tulimeza."

Walikuwa watu thelathini. Miaka tisa iliyopita, sanduku lilipokuwa bado halijui neno hata moja, ilibidi lifundishwe ni hali gani ya tumbo inaitwa njaa na ipi inaitwa shibe. Samaki hawasemi, kwa hiyo wakatafutwa watu. Thelathini walimeza punje, wakaishi nazo mwaka mzima, na mara tatu kwa siku Nyangeta, wakati huo msichana mwenye daftari na viatu vya raba, alipita mlango hadi mlango akiwauliza: umekula, umeshiba, unaumwa? Alichojibiwa alikiandika. Sanduku likaunganisha majibu na matumbo. Ripoti yao ilisema kemia ya njaa ya mtu na ya samaki inakaribiana vya kutosha, na hilo lilikuwa kweli. Hapo hawakukosea.

"Kiangazi kile mazao yalipokauka," alisema Nyangeta, "nilikuja kwako nikakuuliza kama umeshiba. Ulijibu nini?"

Magesa alifikiri. "Nimeshiba. Ningejibu nini kingine?"

"Ulikuwa umeshiba?"

"Daktari, tulikuwa tunalalia uji wa chumvi. Lakini wewe ulikuwa mgeni mlangoni kwangu! Nikuambie nina njaa, ungefanyaje, ungenipikia? Ningekutia aibu bure na mimi nijiaibishe."

"Nilikuambia useme kweli. Nilikuambia ni kwa ajili ya sayansi."

"Ulisema. Na ulisema vizuri sana, mke wangu alikusifu ukiondoka."

Nyangeta akaketi tena juu ya gunia. "Na mlipovuna? Ule mwezi mliochinja mbuzi?"

"Ah, hapo nilikuwa nakwambia hali ngumu." Magesa alilamba kidole. "Mtu akikuuliza hali ukamwambia mambo safi, kesho ana shida zake mlangoni. Si unajua? Hata wewe unajua."

Alijua. Alijua tangu ana miaka minne. Mama yake alimfinya nyuma ya sikio siku alipowaambia wenyeji kwamba bado ana njaa. Mgonjwa akiulizwa hali husema hajambo, kisha ndipo, baada ya chai, akiona inafaa, hugusia kwamba usiku alitapika damu. Yeye mwenyewe, kwenye milango ile thelathini, alikaribishwa chakula kila mchana na kila mchana alisema ameshiba, akiandika shibe ya watu huku njaa inamchonyota. Na hakuna mtu hata mmoja kwenye mradi, maprofesa kwa wanafunzi, aliyeliona hilo, kwa kuwa wote walilelewa kwenye nyumba za namna hiyo. Sanduku lilikuwa limefundishwa adabu, na likafuzu.

"Tuligeuze basi," alisema Magesa, alipoelezwa. "Likisema shibe tusikie njaa. Kazi imekwisha."

"Haigeuki. Si wote mliodanganya. Bi Nyamtondo alikuwa ananiambia njaa yake bila haya, na maradhi yake yote, hadi ya viunoni. Wengine mlisema kweli asubuhi na adabu jioni. Vyote vimechanganyikana humo ndani, sijui kipi ni kipi."

Alitazama maji ya kizimba cha Nne. Yalikuwa yametulia. Huenda kweli walikuwa wameshiba. Huenda katika mambo yote sanduku lilikuwa linakosea isipokuwa hili moja. Hakuwa na njia ya kujua, maana kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwauliza samaki ni kile kile kilichowafunga midomo. Alisikia aibu, na chini ya aibu hiyo hofu, kwa sababu mtumbwi wa mkaguzi ulikuwa umeshaanza kusikika.

3

Bwana Rwechungura alikuwa mkaguzi mwenye sifa ya kutopokea hata soda. Alipanda kichanjani na suti ya kijivu, jaketi la kujiokolea likiwa limefungwa juu yake hadi kifungo cha mwisho, akasalimia kila mtu kwa jina, akafungua kabrasha.

"Kizimba cha Nne," aliliambia sanduku. "Mnaridhia chakula mnachopewa?"

"Tunaridhia, asante sana. Tumeshiba."

"Mnaumwa?"

"Hatujambo wote."

"Mnataka jaribio likome?"

"Msijisumbue. Tuendelee tu."

Rwechungura akaandika. Nyangeta akamwekea mbele yake sinia la samaki saba, mafungu ya maini meupe, migongo iliyokunjika, akamweleza yote, tangu hotipoti ya Magesa hadi daftari la miaka tisa. Alieleza vibaya. Alirukaruka, akarudi nyuma, akamtaja Bi Nyamtondo mapema mno. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Daktari, nimekuelewa," alisema. "Unachoniomba ni kwamba samaki wanasema ndiyo, na wewe unataka niandike hapana. Kwa sababu wewe unajua zaidi."

"Kwa sababu wanakufa."

"Wale wataalamu wa zamani nao walikuwa na sababu. Kila mmoja alikuwa na sinia lake. Tukikuruhusu wewe leo kuwasemea kwa wema, kesho atakuja mwingine kuwasemea kwa ubaya, na ataleta barua yenye maneno kama yako." Hakuwa anamkejeli. Alionekana ana huzuni kidogo. "Wewe ulituandikia hoja hii. Ninayo ofisini, nimeiwekea fremu."

Hoja ilikuwa nzuri, na ilikuwa ya Nyangeta mwenyewe. Alisimama pale, mikono inanuka samaki, akijua kwamba kalamu ikigusa karatasi mambo yamekwisha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alichukua kopo la Magesa, akachotea chakula kwenye gunia la kizimba cha Pili, akaenda ukingoni mwa cha Nne.

"Daktari," alisema Rwechungura, "kulisha bila ridhaa kutakugharimu leseni yako. Sina namna ya kukusaidia hapo."

"Najua."

Alimwaga kiganja kimoja tu, maana samaki aliyeshinda njaa akipewa kingi kwa mara moja hufa. Maji yakachemka. Walitoka chini wakiwa vibiongo, wakipanda migongoni mwa wenzao, vinywa wazi, wengine wakiruka nje kabisa na kuangukia kwenye wavu. Walipigania hata povu. Chembe zilipokwisha waliendelea kung'ata kamba za kizimba. Na juu ya vurugu zote hizo ile sauti ya upole ilikuwa inasema, "Asanteni, tumeshiba. Msijisumbue. Tumeshiba kabisa."

Magesa aligeuza uso. Alisema baadaye hakuwahi kusikia kitu kibaya kama hicho.

"Hilo si ushahidi," alisema Rwechungura, lakini alikuwa amesogea ukingoni. "Mimi nikienda harusini hata nikiwa nimeshiba nakula pilau."

"Inawezekana," alisema Nyangeta. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Labda ni uroho. Sijui, Bwana Rwechungura. Nimeshinda tangu asubuhi sijui. Ila kama nimekosea, nimewapa samaki walioshiba kiganja cha dagaa. Kama wewe umekosea, ni milioni tatu na nusu."

Mkaguzi alifunga kabrasha na kulifungua tena. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea, ingawa hakuna aliyemshambulia.

"Mimi nakiamini chombo hiki, Daktari, na si kwa sababu ya ofisi. Baba yangu alipigwa na kiharusi mwaka jana. Hanyanyui mkono, hasemi. Wodini wamempa Mnenaji, wa hapa hapa kwenu, chombo chenye nembo ya Nyakasenge. Kila asubuhi kabla ya kazi napiga simu, nesi anakiweka karibu na simu. Kinaniambia, 'Sijambo, mwanangu. Nimekula. Msijisumbue kuja, endelea na kazi.'" Alitabasamu. "Ni yeye mtupu. Miezi miwili hii sijaweza kufika, lakini nasikia hali yake kila siku. Usiniambie kwamba ni uongo."

Nyangeta alimwangalia. Alielewa kabla yake, na kwa muda mfupi alitamani kunyamaza. Mtu huyu alikuwa na baba asiyejambo kila asubuhi, na hilo si jambo dogo la kumnyang'anya mtu. Angeweza kurudi kwenye habari za samaki. Lakini kunyamaza kwa heshima ndiko kulikowafikisha hapa.

"Baba yako," aliuliza taratibu, "alipokuwa na sauti yake mwenyewe, akiumwa alikuwa anasemaje?"

"Mzee yule?" Rwechungura akacheka, cheko la mapenzi. "Yule alivunjika mguu shambani akasema ni mchubuko tu, tusimwache ng'ombe kwa ajili yake. Siku tatu ameuvuta. Mpaka mama alipoona..."

Cheko likakatika.

Samaki walikuwa bado wanang'ata kamba. Nyangeta akaona mambo yakipangana usoni pa Rwechungura, moja baada ya jingine, asubuhi moja baada ya nyingine. Alitoa simu. Vidole vilikosea namba mara mbili. Jaketi la kujiokolea lilimbana shingo alipoinama, hakulifungua.

"Haloo, sista? Ni mimi, mwana wa mzee wa kitanda cha kumi na moja." Akasikiliza. "Hapana. Hapana, sista, usiniwekee chombo. Usimuulize kitu. Naomba umfunue shuka. Mgeuze, umwangalie mgongo, na makalio, na visigino, kama kuna vidonda, halafu uniambie unachokiona. Nasubiri."

Alisubiri simu ikiwa sikioni. Kalamu yake ilikuwa imeanguka, ikapita katikati ya mbao na kuzama, na wote watatu waliiona ikienda. Mnenaji akasema kizimba cha Pili hali ni ngumu.

Kisha nesi akarudi kwenye simu. Rwechungura alisikiliza. Akaketi chini kwenye mbao zilizolowa, na suti yake ya kijivu, miguu mbele kama mtoto, simu ingali inazungumza mapajani mwake.

Nyangeta alimwagiza Magesa awashe injini ya mtumbwi. Akamshika mkaguzi chini ya kwapa, akamwinua, na hakumuuliza hali.